Bisha Hodi Kwanza: Siri za Nyumba, Simu na Sheria ya Data



Hakuna mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili asiyeijua hodi. Hubishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mgeni asipoitikiwa, hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Adabu hii ina asili tukufu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na ya 28, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warejee, basi warejee. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inaifikisha amri hiyo ndani kabisa ya nyumba, kwa watoto na watumishi, katika nyakati tatu za faragha. Nyumba ina sitara yake, na mwenye kuifungua sitara hiyo ni mwenyewe.

Siku hizi nyumba zetu zina mlango mwingine usioonekana. Jina la mume, umri wa watoto, maradhi ya mama, deni la dukani, picha ya binti akisoma kasida: yote haya yamo katika simu, katika daftari la shule, katika kompyuta ya zahanati. Watu huyaingia mchana na usiku bila ya hodi. Kwa majuma kadhaa sasa dada zetu wanaoishi Kisii na Nyamira, baadhi yao wakiwa wamehamia huko kutoka pwani kwa ndoa au kwa biashara, wametuletea maswali yanayohusu jambo hili. Tumechagua matatu. Tutayajibu kwa sheria ya nchi, na kwa adabu tuliyoirithi, kwani safari hii mambo mawili hayo yameshikana mikono.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Nyumba yake isipekuliwe, mali yake isichukuliwe, habari za jamaa zake na mambo yake ya siri zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Ili haki hiyo ipate meno, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019. Mwaka uliofuata, Novemba 2020, Bi. Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data.

Neno data lisiwatishe akina mama. Maana yake ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu: jina, nambari ya simu, picha, alama ya kidole. Ndani ya habari hizo zimo ambazo sheria imezitenga kuwa nyeti na kuzitilia uzito zaidi. Humo mna afya ya mtu, imani yake, mali yake, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake wa ndoa. Msomaji ataona kwamba hayo ndiyo yale yale ambayo bibi zetu waliyaita mambo ya ndani.

Sheria inataka anayechukua habari za mtu awe na sababu halali, na sababu iliyo kubwa kwetu sote ni ridhaa. Ridhaa hiyo ina masharti. Iwe ya wazi, iwe ya hiari, iwe kwa jambo maalumu, na mwenye kuitoa awe amekwisha kuelezwa anachokubali. Anaweza kuiondoa wakati wowote. Na pakitokea ubishi, mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa uko juu ya aliyechukua habari, wala hauko juu ya mwenye habari. Hii ndiyo hodi kwa lugha ya mahakama.

Hata serikali hubisha

Huenda mtu akadhani kwamba maneno haya ni mazuri ya kusoma tu, na kwamba mnyonge hawezi kumsimamisha mwenye nguvu mlangoni. Tuwatazame Wanubi. Hawa ni ndugu zetu Waislamu ambao wazee wao walitoka Sudani wakiwa askari katika jeshi la Waingereza, wakawekwa Kibera na katika miji mingine ya Kenya, mji wa Kisii ukiwa mmojawapo. Kwa vizazi kadhaa kijana wa Kinubi aliyefika umri wa kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, akatakiwa alete hati za baba na babu, huku jirani yake wa kabila jingine akikipata chake bila ya mahojiano hayo. Mwezi wa Machi 2011 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwamo haki ya uraia.

Ilipofika 2019, serikali ilianza kuwaandikisha wananchi katika mfumo wa Huduma Namba. Sheria iliyouanzisha iliruhusu kukusanywa hata vinasaba vya mtu na alama za setilaiti za mahali anapoishi. Wanubi waliuliza maswali mawili. Asiye na kitambulisho ataandikishwa kwa hati gani? Na habari zote hizo zikishakusanywa mahali pamoja, nani atazilinda? Jumuiya yao ya Nubian Rights Forum ilikwenda Mahakama Kuu, na watetezi wengine wa haki za binadamu wakaungana nayo. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kuchukua vinasaba na alama za setilaiti kunakwenda kinyume na Katiba, na kwamba mfumo wenyewe usiendelee mpaka pawepo kanuni madhubuti za kuulinda. Tarehe 14 Oktoba 2021, katika kesi nyingine, Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba kutolewa kwa kadi za Huduma hakukuwa halali, kwa sababu serikali haikutathmini kwanza madhara yanayoweza kuwapata watu kwa habari zao.

Jamii ndogo, ambayo uraia wake wenyewe ulikuwa ukitiliwa shaka, iliilazimisha dola ibishe hodi. Tuliweke jambo hili moyoni tunapoyaendea maswali ya dada zetu.

Swali la kwanza: mkopo wa simu

Dada mmoja anayefanya biashara ndogo mjini Kisii anasema alichukua mkopo kupitia programu ya simu, akachelewa kulipa. Wakopeshaji wakampigia shemeji yake, mwalimu wa mtoto wake, na hata mteja aliyenunua kwake mara moja tu, wakawaambia wote kwamba yeye ni mdaiwa mkaidi. Anauliza kama wana haki hiyo.

Hawana. Tuanze hata hivyo na lililo letu: deni ni deni, na kulilipa ni wajibu. Sheria ya faragha haikuwekwa iwe pango la kukimbilia wadaiwa. Tena mwenye kukopa aitazame riba kabla ya kuutazama urahisi. Lakini kudai ni jambo moja, na kumvua mtu sitara yake mbele ya jamaa ni jambo jingine. Aya ya 280 ya Surat Al-Baqara inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda.

Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa chini ya mamlaka ya Benki Kuu ya Kenya mwezi wa Machi 2022 zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu walio katika orodha ya simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000. Kampuni hiyo ilitumia majina na nambari za watu ilizozipata kwa wengine, ikawapelekea ujumbe na simu za vitisho.

Ila lipo fundisho kwetu pia. Programu nyingi, wakati wa kuwekwa katika simu, huomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya majina. Sisi hubonyeza kukubali upesi upesi, mradi fedha ziingie. Nambari ya shemeji si mali yako. Alikupa wewe amana. Unapoifungulia kampuni orodha yako, umeufungua mlango wa nyumba isiyo yako. Kwa hiyo, kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, na uinyime programu ruhusa ya kusoma majina. Ikikataa kufanya kazi bila ya ruhusa hiyo, basi imekwisha kukuonyesha tabia yake.

Swali la pili: picha za watoto

Mama mmoja wa Nyamira ameona picha ya binti yake wa miaka tisa katika tangazo la shule, jina na darasa vikiwa vimeandikwa chini yake. Hakuulizwa. Alipolalamika aliambiwa ashukuru, kwani mtoto ametiwa kwa sababu ya kufaulu.

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema kwamba habari za mtoto hazitumiwi ila kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Picha ni habari, na kufaulu kwa mtoto hakuifuti haki ya mzazi kuulizwa. Katika uamuzi ule ule wa Septemba 2023, shule ya Roma iliyoko Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila ya ridhaa ya wazazi. Ilikuwa faini kubwa kuliko zote tatu zilizotangazwa pamoja. Ya tatu, shilingi 1,850,000, ilikuwa ya ukumbi wa starehe wa Casa Vera jijini Nairobi, uliotangaza sura ya mteja wake mitandaoni bila ya idhini yake.

Basi mama huyu ana haki ya kuiandikia shule kwa adabu, akitaja kifungu hicho, akitaka picha iondolewe na ajulishwe ilikopelekwa kwingine. Nasi wenye madrasa tusijidhani tumo nje ya sheria. Siku ya maulidi na siku ya mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, simu huinuliwa kama mikuki, na kabla ya swala inayofuata watoto wetu wamekwisha kuenea duniani. Fomu ya kumwandikisha mtoto iongezwe mstari mmoja tu: je, mzazi anaridhia picha ya mwanawe itangazwe, na wapi? Atakayekataa aheshimiwe, na mtoto wake asitengwe na wenziwe siku ya sherehe.

Swali la tatu: orodha za mayatima na wajane

Swali la tatu ni zito kuliko yote, kwa sababu mshitakiwa ni sisi wenyewe. Dada anayesaidia kikundi cha misaada anaeleza kwamba kila Ramadhani huandaa orodha ya wajane na mayatima, yenye majina, nambari za vitambulisho, maradhi na picha. Orodha hutumwa katika vikundi vya WhatsApp ili wafadhili waione. Mwaka huu mjane mmoja aliyekuwa bado katika eda alipigiwa simu na wanaume wasiomjua, mmoja wao akijifanya mfadhili.

Tuseme kweli: nia ilikuwa njema, na fedha zilipatikana. Lakini hebu tuipime ile ridhaa. Mama mwenye watoto wanne na jiko lisilo na unga, akiulizwa kama anakubali kupigwa picha ndipo apewe msaada, atajibu nini? Sheria inataka ridhaa ya hiari, na penye njaa hiari huwa nyembamba. Orodha ile ina hali ya ndoa, ina afya, ina majina ya watoto. Yote ni yale yaliyoitwa nyeti. Ni kweli kwamba sheria haiyagusi mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, kama vile ndugu wanaopeana habari katika kikundi cha ukoo. Ila kikundi kinachokusanya michango na kutunza orodha za watu wa nyumba nyingine hakiwezi kudai kwamba hayo ni mambo ya nyumbani.

Na hata pasingalikuwa na sheria, Surat Al-Baqara imetuonya katika aya ya 264 tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia, na katika aya ya 271 imeisifu sadaka inayotolewa kwa siri. Kumtangaza anayepokea ni udhia, ajapokuwa hakusema neno.

Kikundi kinaweza kufanya kazi yake bila ya kumvua mtu nguo. Orodha kamili na ikae kwa watu wawili waaminifu. Wafadhili wapewe hesabu na haja: familia kumi na mbili, watoto thelathini, karo na unga. Badala ya jina itumike nambari. Picha ikiwa ya lazima, iwe ya mifuko ya unga, isiwe ya nyuso. Habari za afya zisiandikwe ila pale dawa yenyewe ndiyo msaada. Mwaka ukiisha, orodha iliyokwisha kazi ifutwe. Mfadhili ambaye hatoi mpaka auone uso wa yatima, na tumuulize kwa upole anatafuta nini katika uso huo.

Uzito wa kusambaza

Wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa picha za simu. Ardhi ya Gusii yenyewe inajua uzito wa jina kutajwa pabaya. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne waliuawa na umati uliowatuhumu uchawi. Mauaji hayo yalianza na maneno ya watu, si simu. Lakini tuhuma iliyokuwa ikitembea kwa miguu leo hupanda mgongo wa simu, na huambatana na sura. Kila anayepokea picha ya mtu aliyetuhumiwa, akaipeleka mbele pasipo kujua ukweli, ameongeza sauti yake katika umati. Aya ya 12 ya Surat Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na imekataza kusengenyana. Kidole kinachobonyeza kinahesabiwa kama ulimi unaosema.

Yapo pia ya ndani zaidi. Ndoa zinavunjika, na picha zilizopigwa wakati wa mapenzi hugeuzwa silaha. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinamwadhibu anayesambaza picha za utupu za mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mwanamke anayetishwa kwa picha kama hizo asinyamaze kwa haya. Haya ni pambo la mwenye heshima. Isiwe ngao ya mwenye kumdhulumu.

Namna ya kulalamika

Kwanza, hifadhi ushahidi. Piga picha ya skrini, andika tarehe, saa na nambari iliyotumika. Usiufute ujumbe kwa hasira.

Pili, mwandikie aliyetumia habari zako, umtake aache, afute, na akueleze alizipata wapi. Sheria inakupa haki ya kujua, ya kupinga, ya kusahihishiwa, na ya kufutiwa habari za uongo au za kupotosha.

Tatu, asiposikia, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na hapa pana jambo ambalo akina mama wengi hawalijui: malalamiko hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika husema, na afisi huandika. Uchunguzi unatakiwa umalizike katika siku 90. Kamishna anaweza kuamuru marekebisho, na anaweza kutoza faini hadi shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Aliyepata madhara ana haki ya kudai fidia, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Hatusemi kwamba njia hii ni nyepesi. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye sura yake imekwisha kuenea, na hakuna hukumu inayoweza kulirejesha neno lililokwisha kutoka. Ndiyo maana kinga iliyo bora inaanza kabla ya afisi yoyote, mikononi mwa kila mmoja wetu, pale kabla ya kuituma picha. Uliza: huyu ameniruhusu? Ukiwa hujui, mwulize mwenyewe. Akisema la, rejea kama alivyorejea mgeni aliyebisha mara tatu.

Kwa dada yetu wa swali la tatu: ombeni radhi kwa yule mjane, iondoeni orodha katika vikundi vyote mlikoituma, na mumsaidie abadilishe nambari yake ya simu kwa gharama ya kikundi. Mwenye kuvunja kitasa ndiye anayekitengeneza.

Mwenyezi Mungu azisitiri nyumba zetu, na atujaalie kuwa wenye kuzisitiri za wenzetu. Wabillahi tawfiq.